Dar–Arusha kwa basi: hela huvuja kabla hujapanda

Safari ya Dar es Salaam hadi Arusha ikikutia hasara, hasara hiyo kwa kawaida huanzia stendi, saa moja kabla ya basi kuwasha injini. Mtu anafika hana tiketi, anamfuata mpiga debe wa kwanza aliyemshika mkono, analipia begi ambalo halikupaswa kulipiwa, kisha anajikuta siti ya mwisho kabisa juu ya injini kwa saa kumi na mbili. Barabara yenyewe ni lami mwanzo hadi mwisho na haina gharama za kutisha. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye maandalizi, na njia nitaipita haraka isipokuwa pale inapouma.

Hesabu ya nauli

Ukiijua hesabu hii, hakuna wa kukutajia bei ya kubuni. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, hupanga nauli za mabasi ya mikoani kwa kilomita. Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 kwa barabara ya lami ni shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita katika daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika daraja la kati. Kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, hadi Arusha kwa kupitia Chalinze ni takriban kilomita 620. Zidisha: daraja la kawaida linakuja kama 30,000, daraja la kati kama 42,000. Hizo ni nauli za ukomo. Mwenye basi anaruhusiwa kushuka chini yake, na siku ambazo abiria ni wachache hushuka kweli ukimwomba. Kupanda juu yake haruhusiwi, hata iwe mkesha wa Krismasi.

Mabasi ya daraja la juu, yale yenye siti tatu tu kwa mstari, choo ndani na skrini mbele ya kila abiria, hayamo kwenye viwango hivyo. Nauli yake anapanga mwenyewe mwenye gari. Kwa safari ya mchana sioni sababu ya mtu anayebana matumizi kuyakimbilia.

Viwango hubadilika, hasa mafuta yakipanda bei, kwa hiyo kabla ya kusafiri tazama jedwali la LATRA linaloonyesha nauli kutoka mji hadi mji. Ni dakika mbili za simu. Na kama unaishia Moshi, lipa ya Moshi. Moshi ni kama kilomita 80 kabla ya Arusha, maana yake unatakiwa kulipa pungufu ya karibu 3,900 kwa daraja la kawaida au 5,400 kwa daraja la kati. Makarani wengi hukata nauli moja tu ya "Moshi-Arusha" kwa sababu siti ikishaachwa Moshi hawapati wa kuijaza. Sababu yao inaeleweka, lakini jedwali halisemi hivyo, na ukiwaonyesha kwa upole wengi hurekebisha.

Daraja la kawaida na la kati utayatofautishaje? Hesabu siti za mstari mmoja. Siti tano, mbili huku na tatu kule, hilo ni la kawaida. Siti nne zenye nafasi ya miguu, kiyoyozi kinachofanya kazi na viti vinavyolala, hilo ni la kati. Katika njia hii ya kaskazini mengi siku hizi ni daraja la kati, na ya kawaida yamebaki machache. Utapeli wa mara kwa mara ni basi la siti tano lenye rangi mpya na mapazia mazuri kuuzwa kwa nauli ya siti nne. Kabla ya kulipa uliza, "Hili ni daraja gani?" Kisha angalia kama jibu linaendana na kilichoandikwa kwenye tiketi.

Je, tofauti ya shilingi 12,000 ina thamani? Ukiigawa kwa saa kumi na mbili za njiani, unalipia shilingi 1,000 kwa saa. Kijana mwembamba asiye na mzigo, msimu wa baridi, akipanda la kawaida atafika salama. Mwenye mtoto wa kupakata, mwenye goti bovu, mjamzito au mtu mnene, tafadhali alipe hiyo tofauti. Siti ya katikati katika ile mistari ya watu watatu ni adhabu, na ikifika Same jua linapochoma hakuna atakayekubali kubadilishana nawe.

Siku ya kusafiri

Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku za kupata siti unayotaka kwa bei ya kuongea. Ijumaa na Jumapili mabasi hujaa. Shule zikifungwa au kufunguliwa yanajaa wiki nzima.

Desemba ni habari nyingine kabisa. Wachaga, Wapare na Wameru waliotapakaa nchi nzima wanarudi nyumbani, na kuanzia katikati ya mwezi hadi tarehe 24 njia ya Dar kwenda Moshi hubeba watu kuliko mabasi yaliyopo. Tiketi zinalanguliwa: vijana wananunua siti mapema kwa majina yao na kuziuza getini kwa bei ya juu. Serikali hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, na humo huchanganyika magari ambayo kazi yake ya kila siku ni ruti fupi. Basi la aina hiyo huweza kukufikisha, ila siti zake hazikutengenezwa kwa kilomita 600, na dereva wake huenda haijui njia.

Kama ni lazima usafiri Desemba, nenda kabla ya tarehe 15, na tiketi ya kurudi ikate siku hiyohiyo uliyokata ya kwenda. Wengi hukumbuka kwenda tu. Mafuriko ya kurudi huanza tarehe 27 na hayaishi mpaka shule zifunguliwe Januari, na hapo ndipo mtu analala Moshi siku tatu za ziada kwa gharama ya nyumba ya wageni iliyozidi nauli yenyewe. Wanaokwenda kinyume, yaani Arusha kuja Dar wiki ya kabla ya Krismasi, hupata siti bila shida.

Tiketi, na jinsi ya kuisoma

Nunua kwa njia ya mtandao wa kampuni yenyewe au kwenye ofisi yake, siku mbili tatu kabla. Kampuni kubwa zina ofisi Shekilango, na nyingine zina vyumba vya tiketi ndani ya stendi ya Magufuli. Ukilipa kwa simu, jina linalojitokeza kabla hujaweka namba ya siri liwe la kampuni. Likija jina la mtu, hata kama amevaa sare, futa muamala. Akikuambia namba ya kampuni "leo inasumbua", mwombe risiti ya mashine na ulipe taslimu dirishani.

Tiketi ya kielektroniki inatakiwa kuwa na jina lako, namba ya usajili ya basi, namba ya siti, unakotoka na unakokwenda, tarehe, muda wa kuripoti, muda wa kuondoka na kiasi ulicholipa. Kiasi kisome mara mbili. Kuna makarani wanaochukua 45,000 na kuchapa 38,000. Ukikubali karatasi hiyo, siku basi likiharibika na ukadai kurudishiwa, utadai kwa hesabu ya 38,000. Tiketi ya kuandikwa kwa kalamu isiyo na namba ya basi ni karatasi tu; asubuhi utaambiwa gari lako "limepata hitilafu" na utahamishiwa lolote lenye nafasi.

Kitu kinachowaachisha watu basi kila wiki ni saa. Mashine huchapa saa za kimataifa, sisi tunasema saa zetu. Tiketi ikiandikwa 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, hapo wengi wanaelewa. Tatizo ni 05:00 na 11:00. Karani akikuambia kwa mdomo "saa kumi na moja", anamaanisha alfajiri, na mashine itachapa 05:00. Mtu akiona 05:00 anaisoma "saa tano", anafika stendi saa tano asubuhi na basi lake limeshapita Segera. Kinyume chake, 11:00 iliyochapwa ni saa tano asubuhi. Muulize karani neno moja: alfajiri, asubuhi au usiku? Andika jibu nyuma ya tiketi. Basi la usiku lina mtego wake pia: lile la 00:30 tarehe 14 linaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14, siyo usiku wa tarehe 14.

Tiketi usiitupe mpaka umeshuka na begi lako mkononi. Ndiyo ushahidi pekee ulio nao, kwa konda, kwa polisi na kwa ofisi ya LATRA.

Kufika stendi

Stendi ya Magufuli ilizinduliwa Februari 2021 pale Mbezi Louis, Barabara ya Morogoro, ikachukua kazi ya Ubungo. Kwa mtu wa Kigamboni, Mbagala au Gongo la Mboto, kufika Mbezi saa kumi na moja alfajiri ni safari ndani ya safari. Mchana unaweza kupanda mwendokasi hadi Kimara kisha ukaunganisha hadi Mbezi kwa hela kidogo sana. Alfajiri hesabu hiyo inavunjika, kwa sababu magari ni machache, na bodaboda au teksi kutoka Mbagala inaweza kumeza nusu ya nauli ya Arusha. Zipo njia tatu za kukwepa. Chagua basi la saa moja au saa mbili asubuhi badala ya la alfajiri. Au lala kwa ndugu wa Kimara, Mbezi au Kibaha. Au uliza ofisini kama basi lako hupita njia ya Bagamoyo: baadhi ya mabasi hukwepa foleni ya Kibaha na Mlandizi kwa kupita Tegeta, Bunju na Bagamoyo na kutokea Msata. Mkazi wa Tegeta au Boko anayekwenda kwanza Mbezi ndipo apande basi linalopita mbele ya nyumba yake anajitesa bure. Ila kituo cha kupandia kikubaliwe ofisini na kiandikwe, kwa maana dereva hatamsimamia mtu aliyempungia mkono gizani.

Getini weka sarafu na noti ndogo tayari. Kuhusu wapiga debe, ushauri ni mmoja: ukiwa na tiketi iliyochapwa yenye namba ya basi, huhitaji msaada wa mtu yeyote. Tembea, soma ubao wa maegesho, tafuta namba ya usajili. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwani kampuni moja inaweza kuwa na mabasi manne ya Arusha asubuhi hiyohiyo. Anayekunyang'anya begi "akusaidie" ataomba malipo mwishoni, na bei itatajwa wakati begi liko mikononi mwake. Ukihitaji mpagazi, mwenye toroli, patana kabla hajagusa mzigo.

Begi na buti

Kilo 20 za mizigo yako binafsi ni bure. Konda akikudai hela ya begi la kawaida la nguo, mwambie lipimwe. Mara nyingi mjadala huishia hapo. Magunia, televisheni, magodoro na maboksi ya biashara ni mzigo wa kulipia, na ulipie kwa risiti, kwa sababu risiti ndiyo inayomfanya konda aukumbuke Moshi.

Buti za mabasi haya zina milango pande zote mbili. Omba begi lako liwekwe upande uleule unaokaa wewe, dirishani, ili kila basi linaposimama na buti kufunguliwa uone kinachotoka. Mabegi mengi yanayopotea hayaibwi. Hushushwa kimakosa Korogwe, Same au Moshi na abiria mwenye begi jeusi linalofanana na lako. Funga kitambaa chekundu au kamba ya katani kwenye mkono wa begi. Andika jina na namba ya simu, moja nje, nyingine kwenye karatasi ndani.

Kuna adui mwingine wa nguo zako humo ndani: maji. Kutoka Dar watu husafirisha samaki kwenye maboksi yenye barafu, na barafu ikiyeyuka huenda chini ya sakafu ya buti ikitafuta begi la kitambaa. Livishe begi lako kiroba kikubwa cha sandarusi, vile vinavyouzwa madukani, na kifunge kamba. Ni kinga ya shilingi chache, na inasaidia pia vumbi. Laptopu, dawa, vyeti, fedha na chaja vikae mguuni mwako, siyo kwenye kichaga cha juu. Kichaga kinahifadhi sweta na chakula tu.

Siti ipi

Hapa ndipo elimu ndogo inapolipa sana, kwa sababu siti nzuri na siti mbaya zina nauli moja.

Mabasi karibu yote ya njia hii, Yutong na Zhongtong na wenzao wa Kichina, yana injini nyuma. Mistari miwili au mitatu ya mwisho hupata joto la injini, mngurumo, na mrusho kila tuta linapopigwa, maana inaning'inia nyuma ya ekseli. Mstari wa kwanza una mandhari nzuri, lakini ndio wa kwanza kukutana na chochote kitakachogongwa. Mistari ya kati, kuanzia wa nne hadi wa nane, iko katikati ya ekseli mbili. Hapo basi linatulia. Epuka siti iliyo sawasawa na mlango wa kati kama upo, kwa sababu kila anayeshuka kuchimba dawa atapita kwenye magoti yako.

Kisha jua. Dereva wetu anakaa kulia. Basi likitoka Dar kwenda kaskazini, jua la asubuhi linapiga upande wa dereva mpaka kama saa nne au saa tano. Saa sita liko utosini. Mchana, kutoka Mombo hadi Mwanga, linapiga upande wa mlango, na hili ndilo jua kali la tambarare kavu za Same na pembeni ya Mkomazi. Kwa hiyo kwenye basi la asubuhi upande wa dereva unateseka mapema, wakati bado kuna ubaridi, na unapumzika wakati wa joto. Upande huohuo ndio wenye milima: Usambara kuanzia Korogwe, Upare kuanzia Hedaru, kisha Kilimanjaro kuanzia Himo kama mawingu yamekubali, na Meru ukikaribia Arusha. Karani akikuuliza, mwambie "dirishani, upande wa dereva, mstari wa tano". Sentensi hiyo haina gharama yoyote.

Mkanda ufunge. Kabla hujakaa, vuta mkanda wa siti yako uone kama unashika. Ukiwa mbovu, omba kubadilishwa hapohapo stendi, nafasi zikiwa bado zipo.

Njiani

Kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi lisilopata matatizo, tegemea Chalinze kama saa mbili, Segera saa tano, Mombo saa sita mchana, Same saa nane, Moshi saa kumi, Arusha kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni. Anayekuahidi saa nane za safari hajapiga hesabu: ukomo wa mwendo wa basi ni kilomita 80 kwa saa, kwenye makazi ni 50, na kati ya Mbezi na Chalinze malori hayakuachii hata hiyo 50. Mabasi yamefungwa kifaa kinachofuatilia mwendo na kupeleka taarifa LATRA, na kila dereva ana kitufe chake cha kujitambulisha anaposhika usukani. Dereva anayekimbia amejua anaonekana na bado anakimbia. Huyo mseme kwa konda, kisha piga namba ya bure ya LATRA. Kukaa kimya kwa kuogopa kuonekana mkorofi kumewagharimu watu maisha katika nchi hii.

Daraja la Wami siku hizi halisumbui. Lile la zamani lilikuwa la njia moja, magari yakisubiriana juu ya mteremko mkali. Jipya lilianza kutumika 2022. Panapochelewesha sasa ni mizani. Basi nalo hupimwa, na konda aliyejaza buti mizigo ya biashara hupigwa faini au kuamriwa kupunguza, na wakati huo abiria wote mnangoja. Ukiona stendi buti limejazwa saruji na mabati, jua Himo mtakaa.

Basi likiharibika, usikimbilie kupanda gari jingine kwa hela yako. Muulize konda mbele ya abiria wenzako: linatengenezwa kwa muda gani, au linakuja basi jingine? Abiria wakisimama pamoja, kampuni hutafuta basi la kufaulisha haraka sana. Wakitawanyika mmoja mmoja, kila aliyeondoka ameisamehe kampuni nauli yake. Mkifaulishwa, hesabu begi lako lihame nawe.

Kuhusu chakula, basi husimama mara moja kwa mlo, kwa kawaida Korogwe au Mombo, dakika 20 hivi. Muulize konda mwenyewe ni dakika ngapi, na tazama namba ya basi kabla hujaenda chooni, kwa sababu mabasi matano ya rangi moja yanaweza kupanga mstari hapo. Hoteli hizo huuza kwa bei ya barabarani. Wali nyama au chipsi kuku tenga shilingi 6,000 hadi 10,000. Kwa anayebana, mayai manne ya kuchemsha, ndizi mbivu, mkate na karanga kutoka nyumbani vinatosha kabisa, na havichafui hewa ya wenzako. Samaki wa kukaanga kwenye basi la kiyoyozi ni kuwaonea watu. Maji lita moja na nusu, ya kunywa kidogo kidogo. Usijinyime maji kwa kuogopa choo: joto la Same pamoja na kiyoyozi kikavu huleta kichwa kuuma kibaya. Weka sarafu za choo, 200 au 300 kila kituo.

Dirishani utauziwa machungwa maeneo ya Segera, na Mombo huja peasi na matunda damu kutoka Lushoto kwa msimu wake, mazuri na rahisi kuliko ya Dar. Lipa kwa hela kamili. Noti ya 10,000 ikishatoka dirishani na basi likaanza kuondoka, chenji yako itabaki Mombo, na muuzaji hana kosa. Hata yeye anakimbia na basi huku akihesabu.

Usiku au mchana

Kwa takriban miaka 30 mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku. Katazo liliondolewa 2023, na kuanzia Oktoba mwaka huo LATRA ikaanza kutoa ratiba za saa 24. Faida kwa mwenye hela ndogo ni dhahiri: unaokoa siku ya kazi, huhitaji teksi ya alfajiri, na unafika Arusha kukiwa kumekucha.

Hata hivyo usiku uwe chaguo la pili, na chini ya masharti. Basi liwe na madereva wawili, na uwaone wote wawili kabla ya kuondoka. Liwe la daraja la kati au juu, maana siti ya wima haikulazi. Na usichague linaloondoka mapema jioni kama utafika saa kumi alfajiri na kukaa stendi unasubiri kupambazuke. Chagua linalofika saa kumi na mbili au baadaye. Malori mabovu yaliyoegeshwa bila taa, na usingizi wa dereva kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, ndizo hatari za kweli. Chukua sweta zito na soksi. Kiyoyozi cha usiku hakina huruma, na Arusha ya Juni na Julai inakupokea kwa baridi kali.

Kushuka

Usingoje stendi kama unakoishi kuko njiani. Basi kutoka Moshi linapita KIA (njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), Maji ya Chai, Usa River na Tengeru kabla ya kuingia mjini. Mwambie konda tangu Moshi, mkumbushe ukipita KIA, na sogea mlangoni mapema. Mwenye begi kwenye buti aseme hivyo pia, la sivyo konda atalalamika kwamba mzigo uko chini ya mingine, na pengine ni kweli. Ndiyo maana anayeshuka Tengeru anafaa kupakia begi lake mwisho kule Dar, siyo mwanzo.

Ukifika mjini kabla ya saa moja jioni, vifodi, yaani daladala ndogo, vya kwenda Sakina, Ngaramtoni, Kijenge na Njiro bado vipo kwa nauli ya daladala. Baada ya saa tatu usiku vinapungua, na bodaboda wa stendi wanajua kwamba umechoka. Tembea mita mia mbili kutoka getini, bei inashuka yenyewe. Ila kama ni usiku na una mizigo, lipa tu uende.

Kwa safari ya kurudi, geuza kila nilichosema kuhusu siti. Kutoka Arusha kwenda Dar milima yote iko upande wa mlango, jua la asubuhi baada ya Himo ni la upande huohuo, na jua la mchana, kuanzia Segera kwenda Chalinze, linampiga anayekaa upande wa dereva.